Jahazi Lingojalo Pepo: Maana ya Kukaa Chomboni Msimu Mzima

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma habari za merikebu iliyotafuta bandari ya kukaa wakati wa baridi. Mwanafunzi wa Majengo, mjini Dodoma, asikiapo neno baridi, hufikiri habari za blanketi na moto, akastaajabu jinsi baridi iwezavyo kuwazuia mabaharia. Yafaa mwalimu ajue kwamba kizuizi ni upepo na mawimbi, wala si baridi yenyewe. Na mfano wake umo katika pwani yetu.

Hata miaka ya 1960, majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, upepo uvumao tangu Desemba hata Machi, yakileta tende, chumvi na papa mkavu. Yalirudi kwa kusi, uanzao mwezi wa Aprili, yakichukua boriti za mikoko. Lakini mwezi wa Juni na Julai, yaani kipupwe, kusi huzidi nguvu na bahari ya Arabuni huchafuka mno. Basi nahodha aliyechelewa majuma machache hakuwa na budi kungoja demani, mwisho wa kusi, mwezi wa Agosti au Septemba.

Miezi hiyo chombo kilikuwa nyumba. Mabaharia walitandaza tanga kuukuu liwe kivuli, wakapika katika sanduku lililotiwa mchanga, na maji ya kunywa waliyapima. Wakati wa bamvua waliliegesha jahazi ufuoni. Maji yakiisha kutoka, walikwangua ubavu wake, wakalitia kalafati penye nyufa, wakalipaka shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wasitoboe mbao.

Kazi hizo hazikuleta fedha. Alan Villiers, mwanamaji wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait katika 1938 na 1939, toka Aden hata Unguja na midomo ya Rufiji, alieleza kwamba mabaharia walilipwa kwa mafungu ya faida, si kwa mshahara wa mwezi. Kwa hiyo kila mwezi wa kungoja ulipunguza fungu la mtu, na nyumbani kwake deni lilizidi.

Pepo hizi zimeingia katika lugha ya watu wote. Asemaye kaskazini au kusini, hata kama hajaona bahari, ataja pepo za mabaharia. Na kipindi kilicho kati yake, upepo usipotulia upande mmoja, huitwa tanga mbili.

Wala Dodoma haiko mbali na mambo haya. Mvua zake za Desemba hata Aprili huja katika majira ya kaskazi; na ule upepo mkavu wa Juni na Julai, utokao kusini mashariki, ni ndugu wa kusi, uliokwisha kuacha maji yake pwani na milimani. Mkulima wa Ugogo aliyekosa mvua za kupandia mtama ayajua machungu ya nahodha aliyekosa upepo.

Mwalimu na aanzie hapo. Ndipo wanafunzi watakapofahamu kwa nini watu 276 waliokuwa katika merikebu ile walihatarisha roho zao kwa safari fupi, kuliko kukaa miezi katika bandari isiyofaa.