Ushabiki Chini ya Uluguru: Imani ya Mwanafunzi Kati ya Kwaya na Kibanda Umiza

Mji wa Morogoro, ulioegemea miteremko ya milima ya Uluguru chini ya kilele cha Lupanga, ni mji wa wanafunzi kuliko miji mingi ya ukubwa wake nchini Tanzania, kwa kuwa ndani na kandokando yake kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984, Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, kilichoanzishwa na watawa Wakatoliki wa Shirika la Wasalvatoriani. Mwanafunzi Mkristo anayefika katika vyuo vya nchi hii hupokelewa na jumuiya zinazojulikana zaidi kwa vifupisho kuliko kwa majina yake kamili: TAFES na CASFETA kwa upande wa Waprotestanti na Wapentekoste, TMCS kwa Wakatoliki, TUCASA kwa Waadventista wa Sabato. Jumuiya hizo zina kwaya, vipindi vya maombi na semina, na katika semina swali la muziki wa kizazi kipya, filamu na mitandao ya kijamii huibuka tena na tena kwa sura ileile: je, Mkristo anaruhusiwa kusikiliza hiki au kutazama kile?

Swali hilo lina haki yake, lakini linapima jambo moja tu, nalo ni maudhui, yaani yale yanayosemwa na wimbo au kuonyeshwa na filamu. Kwa kipimo hichohicho Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz mnamo Novemba 2018, na kwa kipimo hichohicho wazazi na wachungaji wengi huamua kipi kiingie nyumbani na kipi kibaki nje. Kinachoachwa bila kupimwa ni ushabiki wenyewe. Ushabiki, kwa maana inayotumika hapa, ni zaidi ya kupenda kazi ya msanii au mchezo wa timu. Ni kujihesabu kuwa mtu wa upande fulani, kuusemea upande huo, kufurahia ushindi wake kama ushindi wa nafsi, na mara nyingi kuwa na upande mwingine wa kuushinda. Ushabiki wa namna hiyo hauhitaji maneno machafu ili ustawi, na ndiyo maana unaweza kuingia kanisani kwa mlango wa mbele, ukiwa umevaa sare ya kwaya.

Wala Morogoro haikufundishwa ushabiki na simu. Kabla ya redio kuenea, ngoma za beni, zilizoiga mwendo na mavazi ya kijeshi na kusambaa Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa karne ya 19, ziligawanya wachezaji na watazamaji katika pande za Marini na Arinoti, na kila upande ulijitahidi kuupita mwingine kwa mavazi, vyeo na karamu. Baadaye mji huu ulikuwa na bendi mbili zilizosikika nchi nzima: Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944 na kumpata Mbaraka Mwinshehe katika miaka ya 1960, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965 na nafasi yake kuchukuliwa na Juma Kilaza. Wapenzi wa muziki walijigawa kati ya bendi hizo kwa bidii ambayo mashabiki wa leo wa Diamond na Ali Kiba wangeitambua mara moja, ingawa wao hushindana kwa kuhesabu watazamaji wa video na wale wa zamani walishindana kwa kujaza ukumbi. Ushabiki huo umefika hata kwenye sanduku la kura, kwani mwaka 2015 Profesa Jay, aliyejulikana kwa wimbo wake wa kuwadhihaki wanasiasa, "Ndio Mzee", alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, huku Afande Sele, msanii wa Morogoro aliyetawazwa Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, akigombea ubunge katika mji wake bila kufanikiwa.

Kanisa nalo halikukaa pembeni. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotoka Bagamoyo na kufungua misheni za Uluguru kama Matombo na Mgeta, walizitazama ngoma za Waluguru kwa mashaka, hasa zile za unyago, lakini walileta kwaya, na kwaya ikawa shule ya kusikiliza, kutunga na kushindana kwa sauti. Upande wa picha pia ulianza mapema kuliko inavyodhaniwa, maana kati ya mwaka 1935 na 1937 Baraza la Kimataifa la Misioni lilisimamia jaribio la kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, ambalo makao yake yalikuwa Vugiri katika Usambara. Miongo kadhaa baadaye filamu ya maisha ya Yesu iliyotengenezwa mwaka 1979 ilitiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa usiku viwanjani, mbele ya watu ambao baadhi yao hawakuwa wamewahi kuona filamu nyingine yoyote. Kwa hiyo anayesema kwamba vyombo vya burudani vimemvamia Mkristo kutoka nje anasahau ni nani aliyesaidia kubeba projekta.

Mahali ambapo mambo haya yote hukutana kwa mwanafunzi wa leo ni kibanda umiza, jina ambalo watu wamelipa banda la kuonyeshea mpira na filamu kwa kiingilio kidogo. Mlangoni huwekwa ubao wenye ratiba ya mechi iliyoandikwa kwa chaki. Ndani kuna mabenchi yasiyo na egemeo, joto la mabati na televisheni moja au mbili zilizoinuliwa juu ili wa nyuma nao waone. Pasipo mechi huonyeshwa filamu za Kihindi, za Kichina au za Kimarekani zilizowekewa sauti ya mtafsiri mmoja, sanaa iliyompatia umaarufu Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye peke yake alikuwa baba, mwana, adui na polisi, na aliyeongeza mzaha na ufafanuzi wake pale ambapo mwigizaji alinyamaza. Aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa injili wa hadhara, ambako mkalimani humfuata mhubiri mgeni sentensi kwa sentensi na kumpita kwa mbwembwe, anaufahamu ufundi huo. Mwanafunzi anayetoka kwenye mkutano kama huo na kuingia kibandani hahami kutoka dunia moja kwenda nyingine. Anabadilisha benchi tu.

Muziki wa injili ndio unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Rose Muhando, aliyezaliwa Dumila katika wilaya ya Kilosa na kulelewa katika familia ya Kiislamu kabla ya kuwa Mkristo, alifikia mwaka 2011 kutangazwa kuwa amesaini mkataba na kampuni ya Sony, na tangu hapo mwimbaji wa injili wa Tanzania amepimwa kwa vipimo vilevile vya msanii mwingine yeyote: mikataba, tuzo, matamasha na idadi ya wafuasi. Katika uzinduzi wa albamu, yaani hafla ya kuitambulisha kazi mpya kwa umma, mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei isiyohusiana na bei ya dukani, na wimbo unapokolea wasikilizaji hutoka mmoja mmoja wakicheza kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, sawasawa na desturi ya taarabu. Hakuna ubaya katika kutunza, mwimbaji anakula. Ubaya huanza pale mshiriki anapojua ratiba ya mwimbaji kuliko anavyojua jina la mgonjwa wa jumuiya yake, na hakuna semina inayomuuliza habari hiyo kwa sababu wimbo wenyewe hauna neno baya hata moja.

Augustino wa Hippo, mzaliwa wa Afrika Kaskazini ambaye jina lake limebebwa na chuo kikuu cha Mwanza ambacho Jordan ilianza ikiwa chuo chake kishiriki, aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Katika kitabu chake cha Maungamo anakumbuka kwamba alipokuwa mwanafunzi alilia kwa ajili ya Dido, malkia wa kubuni katika utenzi wa Virgil, wakati hali ya roho yake mwenyewe haikumtoa chozi. Anasimulia pia jinsi rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenzake hadi kwenye uwanja wa mapambano ya kuuana mjini Roma, alivyofumba macho kwa makusudi, akayafumbua kwa sababu ya kelele ya umati, na kuondoka akiwa shabiki. Kilichomshinda Alipio kwanza si alichokiona, kwa kuwa macho yalikuwa bado yamefumbwa. Ni kelele ya umati. Ni ushahidi ambao washauri wa vijana wangepaswa kuusoma polepole. Augustino huyohuyo, akiandika kama askofu, anakiri wasiwasi juu ya muziki wa kanisani, kwamba wakati mwingine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na ingawa hakuona sababu ya kuuondoa uimbaji, wasiwasi haukumwisha.

Hata hivyo, si sahihi kuhukumu ushabiki wote kwa kiboko kimoja, na hapa milima yenyewe ina la kufundisha. Simba na Yanga, timu mbili za mpira za Kariakoo jijini Dar es Salaam, huitwa watani wa jadi, na utani ni taasisi ambayo Waluguru wanaijua vizuri. Mwanaanthropolojia James Christensen alichapisha mwaka 1963 makala kuhusu utani wao, ambayo tangu kichwa chake inataja mzaha pamoja na wajibu wa kijamii. Mtani ana ruhusa ya kutukana, kunyang'anya kitu kidogo na kumdhihaki hata marehemu, lakini kukiwa na msiba ni yeye anayetegemewa kufika na kufanya kazi ambazo ndugu wa damu hawawezi kuzifanya kwa majonzi. Tusi na jembe la kaburi viko mikononi mwa mtu mmoja. Shabiki wa Yanga anayemzomea mwenzake wa Simba Jumamosi katika kibanda cha Morogoro (na mkoa huu, licha ya Mtibwa Sugar ya Turiani kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 1999 na 2000, haukosi jezi za Kariakoo) hubaki mtani wake, kwa kuwa Jumatatu wanakutana kwenye mstari mmoja wa chakula. Timu za mashabiki wa muziki mtandaoni zinazomtukana mama mzazi wa msanii wa upande wa pili zimechukua tusi na kuliacha jembe, maana anayetukanwa hajulikani na hatazikwa na mtukanaji. Tofauti hii ina uzito kuliko tofauti kati ya wimbo wa kidunia na wimbo wa injili, na mwanafunzi Mkristo anayejipima kwayo atagundua kwamba baadhi ya ushabiki wake wa mpira ni salama kuliko utetezi wake wa nabii fulani dhidi ya mchungaji fulani.

Kwani pande za namna hiyo zilikuwamo kanisani tangu mwanzo. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho unaanza kwa kuwakemea waumini waliojitangaza kuwa watu wa Paulo, wengine wa Apolo na wengine wa Kefa, na wala haudai kwamba mmoja wa walimu hao alifundisha jambo baya. Apolo hasa anafahamika katika Matendo ya Mitume kuwa msemaji hodari, mtu ambaye leo angejaza uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro. Semina za vyuoni huishia sana kwenye sura ya nane ya waraka huo, ile ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, ili kuamua kipi kiliwe na kipi kiachwe. Ni nadra kufika sura ya mwisho, ambako Paulo anaeleza kwamba alimsihi sana Apolo aende Korintho, na kwamba Apolo, aliyekuwa na mashabiki wakimsubiri huko, alikataa kwenda kwa wakati ule.