Benchi Moja, Watoto Watatu

Mtu akipita asubuhi mbele ya shule yo yote ya mji wetu wa Goma huona rangi mbili: shati jeupe, na suruali au sketi ya buluu. Kwa mbali watoto wote huonekana kama watoto wa nyumba moja. Lakini mwalimu aitaye majina katika daftari yake ajua mengi zaidi. Yupo mtoto wa Kinande, ambaye babu yake alishuka kutoka Butembo kwa ajili ya biashara. Yupo wa Kihunde aliyetoka Masisi, wa Kinyanga aliyetoka Walikale, wa Kihutu na wa Kitutsi waliotoka Rutshuru, wa Kishi ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Bukavu, na wa Kitwa, ambaye mara nyingi hujificha nyuma kabisa. Yupo ambaye baba yake ana duka, na yupo ambaye baba yake husukuma chukudu yenye magunia ya makaa. Wote hao twawaketisha watatu watatu katika benchi moja, kisha twajisifu: "Shule yetu imewaunganisha watoto."

Je, ni kweli? Kuwaketisha watu pamoja ni jambo moja, na kuwaunganisha ni jambo jingine. Abiria wa mashua ya Bukavu huketi bega kwa bega mwendo wote wa ziwa, na wakishuka bandarini kila mtu hushika njia yake, wala hakumbuki jina la jirani yake. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo hilo, wazazi na walimu wenzangu. Nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

SWALI LA SIKU YA KWANZA

Ilikuwa mwaka 2023. Vita vya jeshi la serikali na kundi la M23, vilivyowaka tena mwishoni mwa mwaka 2021, vilikuwa vimewasukuma watu wengi mno hadi kandokando ya mji. Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala: po pote palijaa mahema juu ya mawe meusi. Baadhi ya watoto wa kambini walipokelewa katika shule za mjini, na mmoja wao akaletwa darasani kwangu na shangazi yake. Alikuwa mvulana wa miaka kumi hivi, mwenye daftari moja lililofungwa katika mfuko wa plastiki ili lisilowe.

Nilimpokea kwa furaha. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza kwa sauti: "Umetoka wapi, mwanangu? Nyumbani mwasema lugha gani?" Nilidhani ya kuwa naonyesha ukarimu. Mtoto akainamisha kichwa, akataja kijiji chake, kisha akataja lugha yake. Darasa likanyamaza kimya.

Kwa nini lilinyamaza? Kwa sababu katika jimbo letu, siku hizi, mtu akitaja lugha yake watu husikia jibu la swali jingine: "Wewe u upande wa nani?" Sitaandika hapa kabila la mtoto yule. Msomaji atakayetamani kulijua na ajiulize kwa nini alitaka kulijua.

Tangu saa ile mtoto yule hakuwa na jina tena. Wakati wa mapumziko wenzake walimwita kwa kabila lake. Alipokosea kutamka neno la Kiswahili, walicheka. Benchi la watatu likabaki na wawili, kisha akabaki peke yake. Mimi sikuona cho chote. Nilikuwa na watoto wengi, naye hakuwa mtoto wa kulia. Baada ya majuma matatu hakuja tena. Shangazi yake ndiye aliyekuja, akasimama mlangoni, akasema kwa adabu: "Mwalimu, mtoto asema heri akae hemani."

Neno hilo lilinichoma moyo. Hema lenye matope lilikuwa bora kuliko darasa langu!

WALIOKATAA KUTENGANA

Pengine mtu atasema: "Mwalimu, hayo ni utani wa watoto, yatapita." La, ndugu yangu. Utani wa namna hiyo ni mazoezi ya kutengana. Na majirani zetu wametuonyesha kwa damu yao jinsi jambo hili lilivyo kubwa.

Tarehe 18 Machi 1997, huko Nyange, magharibi ya Rwanda, wanafunzi wa shule ya sekondari walikuwa darasani wakijisomea jioni. Watu wenye silaha wakaingia, wakawaamuru Wahutu wasimame upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi wakakataa, wakajibu ya kuwa wote ni Wanyarwanda. Sita waliuawa usiku ule, na wengine wakajeruhiwa. Leo wanafunzi wa Nyange wahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa nchi yao.

Majuma sita baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, jambo kama hilo likatokea katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Washambulizi waliingia katika bweni, wakawaamuru vijana wajitenge kwa makabila. Nao wakakataa. Waseminari arobaini waliuawa.

Nilisikia habari za Buta nikiwa mseminari kijana, na kwa muda mrefu niliwastaajabia kama watu wa namna nyingine kabisa. Nilipokuwa mwalimu, ndipo nilipojiuliza swali linalotuhusu sisi: moyo ule waliupata wapi? Haukuzaliwa alfajiri ile. Burundi ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, na chuki ilikuwa imeingia katika shule nyingi. Mkuu wa seminari ya Buta, Padre Zacharie Bukuru, hakuwaambia vijana wanyamaze juu ya mambo hayo. Aliwakusanya wazungumze waziwazi, Mhutu na Mtutsi, juu ya hofu yao na juu ya yaliyozipata jamaa zao. Walisoma pamoja, wakacheza pamoja, wakaliliana. Hata saa ilipofika, amri ya kujitenga ilikuwa ngeni kwao.

Simwombei mtoto wetu ye yote ajaribiwe hivyo. Mungu apishe mbali. Lakini nasema hivi: mtoto aliyezoea kila siku kumtenga mwenzake uwanjani, hatajua namna ya kukataa siku atakapoamriwa na mkubwa mwenye bunduki. Na aliyezoea kumlinda mwenzake katika mambo madogo, amekwisha kuanza kujifunza.

MAMBO MADOGO YA KILA SIKU

Basi tufanyeje? Nitaeleza niliyoyajaribu, wala si mambo ya fedha.

Kwanza, jina. Mtoto mgeni akija, simsimamishi tena mbele ya watu nimwulize asili yake. Namwuliza jina lake, naliandika ubaoni, na darasa lote lalitamka sawasawa. Ya kijiji chake na ya msiba wake twayazungumza faraghani, yeye atakapopenda.

Pili, nafasi ya kuketi. Watoto wakiachiwa kujichagulia, hufuata lugha za mama zao kama kuku wafuatavyo mtama. Siwalaumu, hata watu wazima hufanya vivyo hivyo arusini na matangani. Lakini kila mwezi nabadili mabenchi, na kila benchi lina kazi moja ya kufanya kwa pamoja: ramani moja, hesabu moja, zamu moja ya kufagia. Urafiki huja kwa kufanya kazi pamoja kuliko kwa kuhubiriwa.

Tatu, lugha. Katiba yetu ya mwaka 2006 yataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba, na Kifaransa kuwa lugha ya serikali. Sheria ya elimu ya Februari 2014 nayo yakubali lugha za taifa au za mazingira ya mtoto zitumike katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Hapa Goma, Kiswahili ndicho kituwezeshacho kununua sombe sokoni na kusalimiana njiani bila kuulizana kabila. Ni mali yetu sote. Basi kisifanywe fimbo ya kumpigia anayechanganya "r" na "l". Darasani mwangu, anayemcheka mwenzake kwa matamshi hupewa kazi ya kujifunza salamu katika lugha ya yule aliyemcheka, naye huisema mbele yetu. Kicheko hugeuka, na mara nyingi hugeuka urafiki.

Nne, mtoto wa namna ya pekee. Twazungumza sana juu ya makabila hata twasahau wengine. Ninyi mwajua ardhi ya Goma, mawe ya volkano yaliyo makali kama visu. Mtoto atembeaye kwa magongo hutaabika juu yake kabla hajafika langoni. Je, tumemwekea njia iliyosawazishwa, au twamwandika mchelewaji? Tena tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza agizo la Katiba kwamba elimu ya msingi katika shule za umma iwe bure, wameingia watoto maskini ambao zamani walibaki nje. Kuingia si mwisho. Wakitajwa mbele ya wote kwa sababu ya viatu vilivyotoboka, tumewafukuza kwa ulimi.

Katika mji huu huu aliishi kijana Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Watu wengi wamjua kwa kuwa alikataa hongo katika kazi yake ya kukagua vyakula mpakani, akauawa kwa sababu hiyo Julai 2007, na kutangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Wachache hukumbuka ya kuwa, pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, aliwafundisha watoto wa mitaani, wale tunaowaita maibobo, katika Shule ya Amani. Watoto ambao mji uliwapita bila kuwatazama, yeye aliwaona kuwa wanafunzi.

KILICHOPIKWA NYUMBANI

Sasa nawageukia ninyi, akina baba na akina mama. Mtoto wa darasa la kwanza hazaliwi akijua kumdharau Mtwa wala kumwogopa jirani. Maneno hayo ameyaokota karibu na jiko, jioni, watu wazima walipodhani amelala. Najua ya kuwa wengine kati yenu mmezika watu wenu, na jeraha halifungwi kwa mahubiri ya mwalimu. Waambieni watoto kweli ya mambo yaliyowapata. Lakini mtajeni aliyefanya uovu kama mtu aliyefanya uovu, msilitaje kabila lote. Mtoto aliye kwenye benchi moja na mwanao hakuchoma nyumba yenu.

Tena tukumbuke ya kuwa sisi sote tumewahi kuwa wageni. Mimi nilikuwa mtoto tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji na kuliharibu hata kanisa kuu. Maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuondoka, wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Tulilala katika nyumba za watu ambao hatukujua lugha zao, wakatupa uji. Mlima hauulizi kabila la mtu. Mwenyeji wa leo ni mgeni wa kesho.

KITI KILICHOACHWA WAZI

Mtapenda kujua habari za yule mvulana. Nilikwenda kambini pamoja na shangazi yake, nikamwomba msamaha. Alinitazama kwa muda mrefu, maana nadhani hakuwahi kuona mwalimu akifanya hivyo. Juma lililofuata alirudi. Niliwaambia wanafunzi kosa langu, wala sikuwalaumu wao. Nikauliza nani atapenda kuketi naye. Kwanza hakuna aliyeinua mkono. Kisha msichana mmoja akahamisha daftari zake bila kusema neno, na mvulana mmoja akamfuata. Hakuna kilichobadilika siku moja, lakini kabla mwaka haujaisha niliwasikia wakigombana watatu hao juu ya kifutio, kama ndugu wagombanavyo. Nilifurahi.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika. Shule zilipofunguliwa tena, yeye hakuwapo. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha panda darasa, hawakuwa wanafunzi wangu tena, lakini walikuja mlangoni pangu wakauliza: "Mwalimu, tumwandikie wapi?"

Sikuwa na jibu, wala sina hadi leo. Lakini walimwulizia kwa jina lake. Na katika benchi lao jipya waliketi pembezoni wote wawili, wakaacha nafasi katikati.