Ikungi ilipopata mbunge bila kupiga kura

Juni 28, 2019, Spika Job Ndugai alitangaza bungeni Dodoma kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi. Mwenye kiti, Tundu Lissu, alikuwa Ubelgiji kwa matibabu ya risasi alizopigwa Septemba 2017 nje ya makazi yake, Dodoma hiyohiyo. Spika alisema Lissu hakutoa taarifa ya mahali alipo wala kujaza fomu za mali na madeni. Uchaguzi mdogo ulipoitishwa, Miraji Mtaturu wa chama tawala, CCM, akapita bila kupingwa. Wakulima wa alizeti wa Ikungi, wilaya lilipo jimbo hilo, wakapata mbunge mpya bila kushika karatasi ya kura.

Kukosa huku kwa ushindani kuna mizizi Dodoma. Aprili 16, 2014, UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, walitoka kwenye Bunge Maalumu la Katiba. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa na haijapigwa hadi leo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyofikishwa kwenye Bunge hilo, ilikuwa imeruhusu mgombea binafsi. Mchakato ulipokwama, mlango huo nao ulibaki umefungwa: asiye na chama hagombei hata udiwani.

Kisha yakaja marufuku ya mikutano ya hadhara, kuanzia 2016 hadi Januari 2023. Mbunge aliruhusiwa kuhutubia jimboni kwake tu. Kwa nyanda za kati, ambako wabunge wa upinzani walikuwa wa kuhesabu, maana yake vijiji vingi havikuwa na mpinzani mwenye ruhusa ya kupanda jukwaani. Na huku siasa hufuata mvua. Msimu wa mvua ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na watu wako mashambani; baada ya kuvuna mtama na uwele ndipo mtu ana nafasi ya kukaa chini ya mbuyu na kusikiliza. Misimu hiyo ya baada ya mavuno ikipita kimya, katibu wa tawi la chama cha upinzani hana mahali pa kuuzia kadi, ada haikusanywi, daftari la wanachama halipati jina jipya. Bendera inachakaa kwenye mlingoti, na katibu mwenyewe anakwenda mjini kutafuta kibarua. Tawi lililokufa hivyo halifufuki kwa tamko la Dar es Salaam.

Ndiyo maana 2025 iliumiza zaidi. CHADEMA, chama cha Lissu, ilishikilia kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Aprili, Lissu, akiwa mwenyekiti wake, akashtakiwa kwa uhaini, na chama kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Naelewa hoja ya kudai mabadiliko kwanza, na naiona ya haki. Lakini rais, mbunge na diwani huchaguliwa siku moja, hivyo ugomvi wa ngazi ya taifa ulifagia hadi kata.

Ushindani mkali uliobaki ukahamia kwenye kura za maoni za CCM, Agosti, ambazo wapigaji wake ni wajumbe wa chama. Mwanakijiji asiye mjumbe, mwenye kilio cha lambo lililojaa mchanga, aliletewa mgombea aliyekwisha kuamuliwa na wengine. Tume ya Uchaguzi ilisema zuio la CHADEMA linahusu pia chaguzi ndogo zote kwa miaka 5. Kata ya Ikungi ikibaki bila diwani kabla ya 2030, mwenye kadi ya CHADEMA atapaswa kuhama chama ndipo achukue fomu.