AC inapuliza, inakata! Kabla hujalizwa kompresa, soma hapa

Asubuhi unatoka Mbagala, AC inapiga baridi mpaka unajisikia bosi. Mtoni Mtongani mambo bado swafi. Ukikaribia Uhasibu, foleni imesimama, jua la Februari limepanda, mara kinachotoka kwenye matundu ni upepo wa moto kama pumzi ya mbwa. Unabonyeza kitufe, unazima, unawasha, wapi! Jioni ukirudi, baridi hiyooo, kama haijawahi kukusaliti.

Hicho ndicho kimeo cha Corolla yangu ya 1997. Ningekuwa peke yangu ningefungua vioo nikala vumbi na jamaa zangu wa daladala. Tatizo ni kwamba kila mwezi nampeleka bi mkubwa kliniki ya presha. Siku moja katikati ya foleni akanyamaza ghafla, jasho linamtiririka, kichwa kaegemeza kwenye kioo. "Mwanangu, hiki kigari chako kitaniua kabla ya presha." Alisema anatania, lakini mkono wake ulikuwa unatetemeka. Sikucheka.

Kesho yake nikatinga gereji moja ya mjini. Fundi akafungua boneti, akatazama kwa sekunde kama ishirini, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema: "Kompresa imekufa, bosi. Laki nne na nusu, ya mtumba wa Japani, na gesi juu." Mshikaji wenu nilikuwa na laki tano kamili ndani, na zilikuwa za kodi ya chumba. Nilishaanza kupanga nitamdanganya nini mwenye nyumba. Kilichoniokoa ni swali la kipuuzi: maiti gani hufufuka kila asubuhi?

Nikaenda Tandika kwa mzee mmoja wa umeme wa magari, hana hata kibao mlangoni. Hakugusa spana. Aliniuliza maswali, na hayo maswali ndiyo nataka uyaibe leo.

"Mdogo wangu, ikikata, ukipata barabara nyeupe ukakimbia, inarudi?" Hairudi. Angekuta inarudi, angekwenda moja kwa moja kwenye feni ya mbele. Kile kirejeta cha pili kinachokaa mbele, yaani kondensa, kinahitaji upepo ili gesi ipoe. Gari likikimbia, upepo unakuja wenyewe. Likisimama, feni ndiyo tegemeo. Feni ikiwa imekufa, au kondensa imeziba vumbi na mabawa ya wadudu, presha inapanda, na swichi ya usalama inakata kila kitu. Hapo dawa inaweza kuwa feni tu, au hata maji ya bomba ya taratibu ya kuoshea kondensa.

"Upepo wenyewe unapungua nguvu?" Haupungui, ila ni wa moto. Angalia tofauti hapa. Upepo ukififia kidogo kidogo huku feni ya ndani inavuma kwa nguvu, maana yake ile evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi imeganda barafu. Zima AC, acha feni ya ndani tu kwa dakika kumi. Ikirudi na maji yakachuruzika chini ya gari, umempata mchawi: kihisi cha baridi kimechoka, au gesi imepungua, au chujio la hewa limejaa uchafu.

"Taa ya kitufe inapepesa?" Haipepesi. Kwenye baadhi ya Toyota za miaka ile, taa ikipepesa gari linalalamika kwamba kompresa haizunguki sawasawa na injini, mara nyingi mkanda unateleza.

Tukazunguka na gari mpaka ikakata. Akafungua boneti injini ikiwa sailensa, akaniambia nitazame sahani ya mbele ya kompresa. Puli inazunguka, sahani imesimama kimya. Akagusisha taa ya kupimia kwenye waya: inawaka. Umeme unafika, sahani haishiki! (Isingewaka, tungehamia kwenye fyuzi, rilei na swichi ya presha. Rilei za zamani lehemu zake hupasuka ndani. Kwenye gari nyingi ya honi inafanana nayo, unabadilishana kujaribu.) Halafu akachukua mpini mrefu wa ufagio, akaisukuma kidogo ile sahani. Kwaa! Ikashika, na baridi ikarudi. Wewe usijaribu hiyo kama umevaa tai au shati la kupepea, mkanda hauna huruma.

Kumbe ndani kuna sumaku ya umeme inayovuta sahani. Miaka inavyokwenda sahani inalika, nafasi inaongezeka. Waya wa sumaku ukiwa wa baridi, nguvu inatosha. Ukichemka baada ya nusu saa, umeme unapita kwa shida, sumaku inalegea, haifiki. Ikipoa, inafika tena. Ndiyo maana asubuhi ni bosi, mchana ni mateka.

Akazima injini, akasubiri ipoe, akafungua bolti moja ya katikati kwa spana namba 10, akavuta sahani na kutoa wosha moja nyembamba kama ukucha. Nafasi ilikuwa zaidi ya milimita moja. Akairudisha kwenye nusu milimita hivi. Ikibana mno inasugua na kuungua, kwa hiyo alipima kwa vile vijibati vya kupimia vali, hakukisia. Hakufungua bomba hata moja, gesi haikutoka hata kidogo. Nikampa elfu ishirini, akanirudishia tano.

Jambo moja la kuogopa: usikubali gesi ya kupikia ijazwe kwenye AC eti inapoza zaidi. Inawaka, na ikivuja inavujia humo ndani ulimokaa na mama yako. Corolla ya umri wa yangu hutumia R134a. Gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huenda lilizaliwa na R12, gesi iliyopigwa marufuku kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu ozoni. Hizo mbili hazichanganywi, na mafuta yake ya kompresa si yale yale. Na fundi anayejaza bila kuvuta hewa kwa pampu kwanza anakuachia unyevu ndani, utaganda kwenye vali, na utarudi kwake wiki ijayo na kimeo kingine cha kuja na kuondoka.

Mwezi uliofuata, foleni ilikuwa ile ile, pale pale Uhasibu. Bi mkubwa akajifunika khanga mpaka shingoni, akauliza kama hakuna namna ya kupunguza.