Kelele Ndani ya Gari: Ipi Tuizime, Ipi Tuisikilize

Anayetoka Kamanyola kwenda Bukavu ana njia mbili: kupanda mlima wa Ngomo, au kuvuka mpaka wa Bugarama na kupitia Rwanda. Anayekwenda Uvira hufuata bonde la Ruzizi. Kwa njia zote, sisi wamama husafiri mara nyingi katika Hiace, mtoto mapajani, mizigo miguuni. Moteri inanguruma, bidoni zinagongana, na muziki unafunika vyote. Sisi tumezoea, lakini sikio la mtoto haliwezi kuzoea. Linaumia polepole, naye hajui kusema.

Ndani ya sikio mna seli ndogo sana zinazopokea sauti. Kelele kubwa huziua, na zikifa haziwezi kuota tena. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri kwamba anayesikiliza muziki wa desibeli 80 asizidishe saa 40 kwa juma. Ukifika desibeli 90, mwisho ni saa 4 tu. Kwa watoto kiasi kinachofaa ni cha chini zaidi. Hatuna mashine ya kupima, lakini kuna alama rahisi: ikibidi upige kelele ili mtu aliye karibu nawe, umbali wa mkono, akusikie, basi kelele imezidi.

Kelele za kuzima

Chagua kiti cha katikati. Moteri ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na bafle za muziki mara nyingi zimefungwa nyuma. Mwenye mtoto mchanga asikae karibu na bafle.

Funga mizigo kabla ya kuondoka. Sufuria zitenganishwe kwa kikwembe, na bidoni tupu zifungwe pamoja kwa kamba ya kaucho. Kioo cha dirisha kinachotikisika hutulia ukikibana kwa kipande cha kitambaa.

Mwenye gari naye anaweza kufanya mengi kwa bei ndogo: kukaza visi za viti, kubandika vipande vya mpira wa ndani wa tairi kuukuu pembeni mwa mlango, na kutandika zulia zito sakafuni. Asiweke sponji karibu na moteri au bomba la moshi, kwa kuwa linaweza kushika moto.

Usimtie mtoto pamba masikioni. Inapunguza sauti kidogo tu, na inaweza kukwama ndani.

Kelele za kusikiliza

Kuna kelele ambazo hazifai kufunikwa, kwa sababu zinatuonya. Ukisikia chuma kikikwaruza chuma kila shofere anapokanyaga breki, mwambie mara moja, hasa kabla ya kuteremka Ngomo. Ukisikia mngurumo mkali chini ya miguu, huenda bomba la moshi limetoboka. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaweza kuua. Abiria wakianza kuumwa kichwa, au mtoto akilegea kwa usingizi usio wa kawaida, fungueni madirisha yote, simamisheni gari na mtoke nje. Muziki ukiwa juu sana, hakuna atakayeyasikia maonyo haya. Hata kilio cha mtoto wako kitapotea.

Tuseme pamoja

Mama mmoja akiomba muziki upunguzwe, anaweza kuchekwa. Wamama kumi wa likelemba moja, wanaokwenda sokoni pamoja, watasikilizwa. Tupatane na shofere kabla ya kulipa, kwa heshima: "Papa shofere, tafadhali, tuna watoto. Utupunguzie muziki, na bafle ya nyuma uizime." Akikataa, tutafute gari lingine.

Na nyumbani tuwaangalie watoto. Mtoto wa miezi 6 kwa kawaida hugeuka akisikia sauti. Ukimwita kwa nyuma mara nyingi asigeuke, mpeleke kituo cha afya bila kungoja.