Sufuria moja ya maharage, majiko matatu

Jiko la mkaa hukaa chini, na mtoto wa miezi tisa naye yuko chini. Kwa mwenye watoto wadogo, hesabu ya kupikia inaanzia hapo, hata kabla ya shilingi.

Nimepika kilo moja ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha, mara tatu, kwa bei za mtaani kwetu Dar es Salaam. Mkaa wa buku, yaani shilingi 1,000, uliisha wote. Mtungi wa gesi wa kilo sita tunaujaza kwa shilingi 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Niliupima kwenye mizani kabla na baada, zikawa zimekwenda gramu 200, sawa na shilingi 800. Mara ya tatu nilitumia presha kuka ya umeme. Mita ya LUKU ikapungua nusu uniti. Kwetu uniti moja, pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 356, kwa hiyo chungu kizima kiliiva kwa 178. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa kama 122 kwa uniti. Kwake ni shilingi 61 tu.

Najua kinachowazuia wengi: chombo chenyewe. Nilinunua changu kwa 150,000, na kwa mkupuo hiyo si fedha ndogo. Lakini anayepika maharage, makande au supu mara tatu kwa wiki anaokoa karibu 2,500 kila wiki akilinganisha na mkaa. Kwa miezi kumi na minne fedha yake imerudi, na mfuniko hujifunga wenyewe wakati wa kupika, hivyo mtoto hawezi kuufungua. Waya tu usininginie mezani, maana mtoto atauvuta. Na mvuke unapotolewa, awe mbali.

Chapati hazipikwi humo, wala samaki wa kukaanga, na umeme nao hukatika. Gesi ibaki. Mtungi ukae nje ya nyumba, na maungio yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mkaa nauweka wa mwisho, na si kwa bei peke yake. Tanuri la kienyeji huteketeza zaidi ya kilo tano za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Msitu unaokatwa kwa kuni hizo ndio wanaouhitaji watoto wetu wakikua. Ukilazimika kutumia mkaa, pikia nje. Tafadhali, usiingize jiko linalowaka chumbani watoto walikolala, hata kama ni msimu wa baridi Njombe au Lushoto: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.