Polio: mgeni asiye na kofia

Je, wajua kwamba kirusi cha polio hakiwezi kujitengenezea hata protini moja? Ni uzi wa RNA wenye herufi kama 7,500, umekunjwa ndani ya ganda la nanomita 30 hivi. Kazi ya kuunda protini zake hufanywa na mashine za mwenye nyumba, yaani chembe ya mwili.

Mashine hizo ni ribosomu. Chembe moja ya mwili wa mtoto inazo kwa mamilioni, nazo husoma ujumbe kutoka kwenye kiini na kuunga protini kiungo baada ya kiungo. Ujumbe wa chembe huvaa kofia, yaani alama ya kikemikali kwenye ncha yake ya mbele. Kuna protini ndogo ya kuishika kofia hiyo, na nyingine ndefu inayoiunganisha na ribosomu, kama kamba inayovuta mtumbwi ufukweni.

RNA ya polio haina kofia. Kirusi cha homa ya mafua (influenza) huiba kofia za ujumbe wa chembe. Polio hukata kamba. Miongoni mwa protini zake za kwanza umo mkasi uitwao 2A, na ile protini ndefu hukatika vipande viwili. Saa chache baadaye ujumbe wa chembe umejaa tele, hakuna wa kuusoma. Kirusi chenyewe hupitia mlango wa nyuma: sehemu ya RNA yake imejikunja mafundo, na ribosomu hukaa hapo moja kwa moja. Jerry Pelletier na Nahum Sonenberg waliueleza mlango huo mwaka 1988, huko Montréal. La kushangaza, kipande cha kamba kinachobaki kikishika ribosomu ndicho kinachokitumikia kirusi. Chembe ikiwa ni ya neva za uti wa mgongo, ikifa haioti tena, na mguu wa mtoto hulegea.

Chanjo ya matone ya Albert Sabin ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na sehemu kubwa ya udhaifu wake imo katika mlango huohuo: herufi moja imebadilika, ribosomu haikai vizuri. Lakini herufi ya zamani inaweza kurudi, na pakiwa na watoto wengi wasiochanjwa, kirusi hicho huzunguka miezi mingi kwa kinyesi na maji machafu, hata kikaweza kupooza tena.

Ndiyo sababu naitaja Ankoro, katika mkoa wa Tanganyika nchini Kongo (DRC), pale mto Luvua unapoingia Lualaba. Polio ya asili haijaonekana Kongo tangu 2011, lakini mkoa huo umepata watoto waliopoozwa na kirusi cha chanjo kilichogeuka. Wanasayansi wakayakaza mafundo ya mlango katika chanjo mpya, nOPV2, iliyoruhusiwa kwa dharura mwaka 2020. Ni imara kuliko ya zamani. Hata hivyo, Machi 2023 ilitangazwa kwamba nayo imegeuka kwa watoto wachache wa Tanganyika, Kivu Kusini na Burundi. Kinga isipomfikia kila mtoto, kirusi hupata pa kujifunzia.

Chupa ya matone ina alama: kimraba cheupe ndani ya duara la zambarau. Joto hukitia rangi kidogo kidogo. Mchanjaji hukitazama kwanza, maana kikilingana na duara chupa hiyo haifai tena. Kikiwa bado cheupe kuliko duara, mtoto hufungua kinywa, hupewa matone mawili, na kidole chake kidogo hupakwa wino.